Likizo katika nchi ya ng'ombe: tusiangalie maziwa tu



Katika namba iliyopita ya gazeti letu ndugu mmoja wa mwaka wa sita aliandika kwamba mwanafunzi anayekwenda likizo porini anapoteza miezi miwili bure. Akasema heri kubaki mjini, kujifunza kompyuta, ao kusaidia mjomba katika duka. Aliandika vizuri, na wengi walicheka waliposoma mahali alipoeleza mtu anayerudi darasani akinuka moshi. Sisi pia tulicheka. Lakini hatukubali, na tunaomba nafasi ya kumujibu.

Sisi tunaoandika tuko watatu, wa mwaka wa tano. Mwezi wa saba 2024 tulikwenda kwa rafiki yetu wa darasa, nyumbani kwao kule juu Marungu, katika teritware ya Moba. Ni nchi ya ng'ombe. Tulikaa majuma matano. Hatutahadithia safari yote, kwa maana wengi wenu munajua zile boti za kutoka Kalemie, munajua namna mtu anavyolala juu ya mifuko ya watu, na ziwa likikasirika hata wale wanaojifanya hodari wanaanza kuimba nyimbo za kanisa. Tunataka kusema neno moja tu. Mwanafunzi aende, ndiyo, aende kwa marafiki wa nchi ya ng'ombe. Lakini asiende kunywa maziwa na kupiga picha za milima kiisha arudi. Aangalie maji. Kule jambo lenye linaumiza watu ni maji, na nyama tunayokula huku mjini inatoka katika maji hayohayo.

Kwanza tueleze nchi yenyewe, kwani wengine wanafikiri Marungu ni jina la mlima mmoja. Ziwa Tanganyika liko metre 770 hivi juu ya bahari. Ukitoka bandarini Moba unapanda Kirungu, kiisha unaendelea kupanda, na pikipiki inalia mpaka unaihurumia. Mto Mulobozi unagawanya nchi ile ya juu: sehemu ya kaskazini-mashariki inafika metre 2,100, na ile kubwa, ya kusini-magharibi, inafika 2,460. Mvua inanyesha tangu mwezi wa kumi mpaka wa nne, milimetre 1,200 hivi kwa mwaka. Kwa hiyo mwezi wa saba hakuna tone. Majani yote ni ya manjano, usiku watu wanachoma pori, na asubuhi baridi inakamata vidole hata huwezi kufunga kifungo cha shati. Mama wa rafiki yetu alituona tunatetemeka karibu na moto, akasema: "Ninyi batoto ba muji, baridi munaijua mu frigo tu, na maziwa munaijua mu kopo tu!"

Katika majani hayo makavu kuna mistari ya miti mizito, ya kijani nyeusi, inayofuata kila mto mdogo. Watu wanaiita mushitu. Tunaomba musisahau neno hilo, tutalirudilia.

Ng'ombe walifikaje kule? Mwalimu wetu wa jeografia alikwisha kutuambia, lakini ni jambo lingine kuliona kwa macho. Mbung'o hapendi baridi, na mahali pasipo na mbung'o ng'ombe hapati ule ugonjwa wa usingizi wa nyama. Ndiyo sababu wakati wa koloni Wazungu walifuga huku juu, wakakata nchi kwa waya. Sheria ya 20 Julai 1973 iliandika kwamba udongo ni mali ya Serikali, na juu ya mahali penye watu wanakaa kwa desturi, sheria ileile ikasema haki zao zitapangwa na amri ya Rais. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huohuo Rais Mobutu alitangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa wenyeji, na ranchi nyingi za Zaire zikabadilisha bwana. Waya haukubadilika. Kiisha mwaka 2000, kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili, vita ilipita Pepa na kushuka mpaka Pweto. Nkambo wa rafiki yetu alituambia kwamba wakati ule alikuwa na ng'ombe kumi na wanane, na vita ilipokwisha alibaki na fimbo. Alisema hivyo bila kucheka na bila kulia, akaendelea kula mihindi yake.

Leo ng'ombe wamerudi. Baba wa rafiki yetu yuko na sita. Jirani yake yuko na kumi na moja. Karibu kila nyumba inataka wake, na sisi tunaona wako na haki kabisa. Ng'ombe ni benki. Ni minervali ya watoto: rafiki yetu mwenyewe alilipiwa mwaka wa kwanza kwa ndama mmoja, naye anajua jina lake mpaka leo. Mtu wa mjini anayesema "hawa watu wa pori hawana kitu" hajui kuhesabu.

Tulikaribishwa vizuri kupita kipimo. Tuliwaletea ndagala, chumvi na sabuni, na tunawashauri munaokwenda mulete vilevile, si bonbon wala soda. Siku mbili tulikuwa wageni wa kweli, tulikula kuku. Siku ya tatu baba alitupa majembe mawili na fimbo moja, akasema tujigawanye. Basi tukalima viazi vya kizungu, tukachunga, tukajifunza kukamua. Wale wanaofikiri kukamua ni mchezo wajaribu. Kwanza ndama ananyonya kidogo ili maziwa yashuke, kiisha unamufunga karibu na kichwa cha mama yake, unachuchumaa, na ng'ombe anajua mara moja kama mkono ni wa mjini. Wakati wa kiangazi ng'ombe wa pale nyumbani alitoa litre mbili, mbili na nusu. Kabla ya kulalamika juu ya bei ya maziwa, mtu akumbuke litre hizo mbili. Tulijifunza pia kutoa kupe, maana kupe ndiye adui mkubwa kule juu kushinda chui: analeta homa inayoua ndama kwa siku chache, na dawa ya kunyunyizia inatoka mbali na inauzwa ghali.

Sasa tufike mtoni.

Chini ya kijijini cha rafiki yetu kuna mto mdogo, unaweza kuuruka kama uko na miguu mirefu. Upande wa juu, mwendo wa nusu saa, unapita ndani ya konsesyo moja kubwa. Hatutaji jina, kwani hatukwenda kule kushitaki mtu. Waya wa konsesyo unafunga sehemu ndefu ya mto, pande zote mbili. Nje ya waya inabaki sehemu fupi, na hapo ndipo ng'ombe wote wa vijiji vitatu wanakunywa. Asubuhi moja tulikaa juu ya jiwe tukahesabu. Mpaka saa nne tulihesabu ng'ombe 143 mahali pamoja. Ng'ombe mzima anakunywa litre 30, 40 kwa siku, lakini si kunywa kunakoharibu. Ni kusimama. Anaingia mtoni kwa miguu minne, anasimama, anajisaidia, anatafuta kivuli, anakula majani ya miti midogo, anasugua mgongo kwenye shina. Ukingo unaanguka. Mizizi inabaki wazi kama meno. Mahali pale hapakuwa tena na mushitu. Palikuwa na miti mitatu mikubwa na tope la kufika magoti. Baba alituonyesha kwa mkono: "Wakati nilioa, hapa hukuona jua."

Na chini ya tope hilo, metre mia mbili hivi, ndipo wamama wanachota maji.

Hapa tuseme wazi, kwa maana ndiyo sababu ya kuandika. Rafiki yetu yuko na dada, anasoma mwaka wa pili kule kwao. Kwa sababu maji ya chini yanawaletea watoto wadogo kuhara, mama alikata shauri maji ya kunywa yatoke katika chemchemi nyingine, upande wa pili wa kilima. Kwenda na kurudi ni saa moja na nusu, na bidon ya litre 20 kichwani. Anakwenda kabla ya masomo. Mwaka ule alichelewa mara nyingi hata walimu wakamwambia achague, ao maji ao shule. Sisi wavulana watatu tulipokuwa pale tulichota sisi, na kijiji kizima kilicheka, wamama pia walicheka. Tulipoondoka bidon ilirudi kichwani pake. Yule ndugu wa mwaka wa sita aliyeandika juu ya kupoteza likizo bure, tunamuuliza: katika kompyuta angejifunza wapi jambo hili?

Sasa, kosa ni la nani? Tulisikia majibu mengi, karibu kila jioni.

Wengine wanasema kosa ni la wachungaji (wa ng'ombe, si wa kanisa!), watoto wasiojua kitu. Hapana. Mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye ng'ombe tisa wenye kiu hawezi kuwaambia wangoje. Na tuseme pia, mtoto huyo angepaswa kuwa shuleni, lakini hiyo ni makala nyingine.

Wengine wanasema kosa ni la waya. Sisi tunaona hapo kuna ukweli mkubwa. Kama ng'ombe 143 wangegawanyika katika mto wote, mushitu ungeweza kupumua. Waya ndio unaowasukuma mahali pamoja. Lakini si ukweli wote. Ndani ya konsesyo watu wanapata kazi: kapita, wachungaji, watu wa dawa, na mishahara, hata kama ni midogo, inafika. Tena tulitembea upande wa chini, mahali pasipo waya wala ng'ombe, tukakuta mushitu umekatwa ili kupanda viazi mpaka kando ya maji. Waliokata ni wanakijiji wenyewe. Baba alinyamaza tulipomuuliza, kwa sababu mmoja wao ni shemeji yake.

Wengine wanasema: tangu zamani ng'ombe walikunywa mtoni, juu ya nini leo iwe shida? Jibu letu ni hesabu. Zamani za nani? Mzee aliyebaki na fimbo mwaka 2000 hakuharibu ukingo wa mto wowote. Kundi linakua, mto haukui.

Kuna sheria, na inashangaza kwamba katika kijiji kile hakuna aliyepata kuisikia. Sheria ya misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti metre 50 kila upande wa mto, na metre 100 kuzunguka chemchemi. Haisemi kitu juu ya kwato. Lakini kwato elfu moja zinazopita kila siku zinafanya kazi ya shoka, polepole tu. Sisi tunaona sheria hiyo ingesomwa kwa Kiswahili na kwa Kitabwa mbele ya watu, siku ya soko, na ingesomwa pia mbele ya mwenye konsesyo, maana metre 50 hazijui waya.

Mtu mmoja wa darasa letu alipotusikia alisema tunalilia miti. Tunamjibu hivi. Katika mishitu ya Marungu kuna ndege mdogo, chozi, mwenye kunyonya maua, asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimuandika mwaka 1958 wakamuita kwa jina la Alexandre Prigogine, aliyekusanya ndege wengi wa Kongo, ndugu ya yule Ilya Prigogine aliyepata zawadi ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Wataalamu wanasema ndege huyo yuko hatarini, na sababu wanazotaja ni mbili: kukata miti, na ng'ombe wanaoangusha kingo za mito. Basi bidon ya dada yule na kiota cha ndege yule vinategemea mti mmoja. Hatusemi ndege ni mkubwa kuliko mtu. Tunasema mwenye kulinda mmoja analinda wa pili bila kulipa zaidi.

Njia iko, na si ya Wazungu wala ya pesa nyingi. Tuliiona. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, mwenye ng'ombe wanane, alichonga mti mkubwa kama mtumbwi, akauweka hatua sabini mbali na mto, juu ya mawe, mahali pakavu. Maji yanafika kwa mpira mweusi wa plastiki kutoka juu, yanatelemka yenyewe. Ng'ombe wake wanakunywa pale, hawagusi ukingo. Ameziba njia yao ya zamani kwa miiba, na katika miaka mitatu miti midogo imerudi, inafika kifua cha mtu. Tulimuuliza nani alimufundisha. Akatutazama kama watu wasiosoma Biblia, akasema wachungaji wa Isaka na wachungaji wa Gerari waligombania visima mpaka Isaka akachimba kingine mbali, yeye hataki kugombana na mtu. Alitumia mpira metre mia moja na ishirini, aliuza mbuzi wawili. Mbuzi wawili tu!

Kwa hiyo shauri letu kwa watu wa kule, kama watakubali kusikia watoto, ni mitumbwi ya namna hiyo, mmoja kwa kila kundi la nyumba, na miiba kando ya mto. Na shauri letu kwa mwenye konsesyo ni kufungua mlango mmoja, asubuhi tu, upande wa juu, ili ng'ombe wa kijiji wapate mahali pa pili pa kunywa. Anao mto mrefu. Hatapoteza kitu ila majani kidogo. Wanaosema matajiri hawafungui milango wako na sababu ya kusema hivyo, lakini je, kuna mtu aliyekwenda kuomba kwa barua, na mkono wa chifu chini yake? Tuliuliza. Hakuna.

Basi barua iliandikwa. Baba alisema, sisi tukaandika, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwani kapita anasoma moja na bwana wake anasoma nyingine. Tulibishana usiku mzima juu ya neno "kuomba" ao "kudai". Nkambo alitaka "kuomba", rafiki yetu alitaka "kudai". Tuliandika "kuomba". Chifu alitia mhuri siku ya posho, na siku ya yenga baada ya ibada watu kumi na tisa walitia mkono, ndani yao yule shemeji wa viazi.

Tunajua wengine watasema wanafunzi wanajitia katika mambo ya wakubwa. Lakini sisi hatukwenda kuhukumu. Tulikwenda kwa marafiki, tukala chakula chao, na mtu anayekula bukari na maziwa ya nyumba fulani hawezi kufunga macho mlangoni mwake. Mgeni wa picha tu ndiye anaweza.

Kwa wale wanaotaka kwenda mwezi wa saba unaokuja: muchukue makoti, musione haya. Muchukue ndagala. Mutafute boti yenye makoti ya kuokolea, na kama haina mungoje nyingine hata siku tatu. Wavulana, mukubali kubeba bidon, watacheka siku nne tu. Na mpira mweusi, kama mwenye duka mmoja huku mjini anaweza kupunguza bei kwa metre mia tano, tunaomba mutuambie. Jina la darasa letu munalijua.

Rafiki yetu hakurudi nasi mwaka ule, alibaki kusaidia baba yake mpaka mvua. Mwezi wa kumi alituma barua kwa dereva. Anasema mtumbwi wa kwanza wa kijiji chao umekwisha kuchongwa, ni mzito, walikuwa watu kumi na wanne kuubeba, na umepasuka kidogo upande mmoja lakini wameziba kwa lami. Mpira bado. Ndama wawili wamezaliwa. Mwenye konsesyo hajajibu, ila kapita alipita nyumbani jioni moja, akauliza ni nani aliyeandika Kifaransa kile.